Fintan Scahill na Zile Herufi Mbili

Mjini kwetu Kildarra, mtu akitaja DT watu walikuwa wanacheka. Natanguliza hilo ili msije mkatuona wajinga kuliko tulivyokuwa. Bina Durkan, mwenye baa ya pale njia panda, alikuwa na mbwa wa mbio ambaye hakuwahi kushinda mbio hata moja. Mbwa mwenyewe mwembamba, mbavu nje, na alikuwa anatetemeka saa zote, awe kwenye mvua au mbele ya moto. Wateja wakambatiza DT. Mtu akiingia anapangusa matope mlangoni na kusema, "DT, mzee wangu, umeona panya wangapi leo?" na baa nzima inaangua kicheko.

Ukituuliza herufi hizo zina maana gani, tulikuwa na jibu. Ni yale mambo yanayomkuta mlevi aliyeacha. Anatetemeka, anaona wadudu ukutani, anazungumza na marehemu, halafu anapata nafuu na kuja kuwasimulia wenzake. Maneno kamili ni ya Kilatini, na Kilatini tulimwachia padri na daktari. Sisi zilitutosha herufi mbili za kuchekea. Kwamba watu wanakufa nazo, hilo hakuna aliyetuambia, na sisi hatukuuliza.

Fintan Scahill alikuwa jirani yangu, ukuta kwa ukuta. Mimi ni mshonaji, yeye alikuwa fundi wa mawe ya makaburi. Nilizoea kushona huku nasikia patasi yake uani, na nikiwa sisikii nilijua yuko kwa Bina. Nusu ya marehemu wa tarafa yetu wamelala chini ya herufi zake. Alikuwa na mwandiko mzuri kwenye jiwe, wazi, usio na madaha, hata watu wa miji mikubwa walimfuata.

Asubuhi mkono ule ulikuwa hauwezi kushika kikombe cha chai bila kukimwaga. Nimeuona mara nyingi, chai inafika kwenye kisahani kabla haijafika mdomoni. Basi Fintan anavaa kofia, anakwenda kwa Bina kuzimua. Akimaliza wiski yake mkono unatulia, anarudi, anashika patasi, na hutaona herufi iliyopinda. Mchana anaongeza, jioni anaongeza. Hakuwa mlevi wa fujo. Hakumpiga mtu, hakutukana mtu. Tulimwita fundi, na tuliposema anapiga maji tulisema kwa sauti ileile tunayosema mtu ana upara.

Aliaibika mara moja tu, lakini mara hiyo ilitosha. Siku ya kumzika mkewe Nonie alikuwa amekunywa tangu alfajiri. Pale makaburini akapiga magoti kutupa udongo, akaangukia kifuani juu ya lile tuta la kaburi, na hakuweza kunyanyuka. Mtoto wao wa pekee, Assumpta, alimshika kwapa akamnyanyua, koti lote limejaa matope, na nyuma yangu nilisikia watu wawili wakizuia kicheko. Nonie maisha yake yote hakuonja pombe. Alikuwa wa wale watu wa nadhiri, wanaovaa beji ndogo ya Moyo Mtakatifu kwenye koti ili kila mtu ajue, na usiwakaribishe glasi hata kwenye arusi. Mtu akiwa na beji ile, kwetu hakuna haja ya kumuuliza.

Miaka mitatu baadaye Assumpta alichumbiwa na Colm Hession. Hession ni watu wa mashamba makubwa upande wa ziwa, wote watu wa beji, kuanzia babu hadi kitinda mimba. Mama yake Colm alikuja kwangu kupimwa gauni lake la arusi, akaniambia huku mikono yake iko juu na mimi nina pini mdomoni, "Msichana simkatai, Teresa. Msichana ni mzuri. Lakini yule baba yake akija kanisani amelewa, mimi nitainuka nitoke, na mwanangu atanifuata. Mfikishie ujumbe."

Kwa kuwa nina pini mdomoni sikuweza kumjibu inavyostahili. Ujumbe nilimfikishia Assumpta, maana angeusikia kwa mwingine.

Kwaresima kwetu haifungwi ndoa, kwa hiyo arusi ilipangwa wiki ya baada ya Pasaka. Usiku wa kuamkia Jumatano ya Majivu ni usiku wa chapati za maji, watu wanamaliza mayai na siagi kabla ya kufunga. Nilikuwa jikoni kwao, Assumpta anageuza chapati, Fintan yuko mezani. Akamwambia bila kumtazama, "Baba, nataka kitu kimoja kwako. Zawadi sitaki."

"Sema, mwanangu."

"Nataka unishike mkono mpaka altareni, na wewe mwenyewe uwe umesimama."

Fintan aliitazama chapati ikiungua. Kisha akasema, "Kesho nakwenda kwa padri. Nakula kiapo."

"Cha Kwaresima?"

"Cha maisha."

Assumpta aliacha kikaango akaja akamkumbatia kichwa, unga umejaa mikononi, nywele za mzee zikawa nyeupe. Nililia. Sioni haya kusema, nililia kwa furaha.

Usiku uleule Fintan akaenda kwa Bina mara ya mwisho kuaga. Bina mwenyewe alinisimulia. Alimwekea glasi akamwambia, "Fintan, usikate mara moja. Umekunywa miaka thelathini. Punguza kidogo kidogo, wiki hii hivi, wiki ijayo hivi."

"Nadhiri haina kupunguza, Bina. Ama umeapa, ama hujaapa."

"Mwambie padri akuapishe kwa vipande."

"Na Mungu nimwambie anisubiri nyuma ya kaunta?" Watu wakacheka, yeye pia akacheka, akamkuna mbwa masikio akatoka.

Ndivyo tulivyo sisi. Mtu wa kwetu haachi pombe polepole. Anaiacha akiwa amepiga magoti, mbele ya padri, kwa neno moja, na baada ya neno hilo tone moja tu ni sawa na pipa. Jumatano asubuhi Fintan alirudi kutoka kanisani na jivu kwenye paji la uso, akapita kwangu kujaribu suti. Mkono wake ulikuwa unatetemeka kiasi kwamba nilimfungia vifungo mwenyewe.

"Teresa," akaniuliza, "unadhani nitafika?"

"Wapi?"

"Altareni."

"Ni hatua chache tu, Fintan. Umewahi kutembea mbali zaidi ukitafuta kizibuo."

Akacheka. Jasho lilikuwa linamtiririka shingoni, na nje kulikuwa na barafu kwenye madimbwi.

Siku ileile dada yake, Philomena, alihamia pale na sanduku lake. Shangazi Philomena ni mtu wa rozari tatu kwa siku na beji kifuani, mwema kwa namna yake, lakini wema wake una fimbo. Alitoa chupa zote ndani, akamwaga hata ile ya dawa ya kusugulia magoti. Akafungua kijisanduku cha marehemu Nonie, akatoa beji yake, akambandika Fintan kwenye ukosi wa koti. Kwa taratibu zao mtu anangoja muda mrefu kabla ya kuvaa beji ile, lakini Philomena alisema Nonie aliko ameshatoa ruhusa. Fintan aliigusa kwa kidole, akainama.

Mji mzima ukawa mlinzi wake. Wanywaji wenzake walivuka barabara wakimwona, wasije wakamtia majaribuni. Mwenye duka alikataa kumuuzia dawa ya kikohozi kwa sababu ina kilevi ndani yake. Wanawake walileta supu na mkate wa magadi, wakichungulia dirishani, "Endelea hivyohivyo, Fintan! Mungu akutie nguvu!" Sijawahi kuona watu wakipendana hivyo hapa kwetu, na ndiyo maana jambo hili linaniuma mpaka leo. Hakuna aliyemtakia mabaya.

Alhamisi alitaka kufanya kazi. Lilikuwepo jiwe moja uani alilolianza tangu mwaka wa msiba na hakulimaliza, jiwe la Nonie. Kila mwaka alisema atalimaliza siku atakapokuwa na kichwa kitupu, maana hakutaka kumwandikia Nonie kwa mkono wa pombe. Sasa kichwa kilikuwa kitupu. Nilisikia patasi ikianza kugonga, ikasimama, ikaanza tena, kisha sauti ya kitu kumeguka. Nilipochungulia juu ya ukuta nilimwona amekaa chini, patasi imeruka na kumega N ya jina la mkewe.

"Mkono, Teresa," akaniambia, kana kwamba anaomba radhi. "Mkono hautaki."

Ijumaa hakulala wala hakula. Alisema anasikia mtu uani anachonga mawe yake na anakosea. Jumamosi asubuhi alianza kufuta blanketi kwa viganja. Nilimuuliza anafuta nini. "Herufi," akasema, "zimetoka kwenye mawe. Ona zinavyopanda. Zifagieni kabla hazijafika kwa Assumpta." Alikuwa wa moto kama kikaango, macho yamemtoka, na alikuwa ananiita Nonie.

Nilishtuka. Philomena hakushtuka. "Ni DT tu," akasema, akaongeza maji ya baraka kwenye bakuli. "Kila mwanamume aliyetubu kwa kweli amezipitia. Ni shetani anafungasha. Yule Mattie wa kiwanda cha maziwa aliona panya mwaka juzi, leo si anaimba kwaya?"

Nami nilitulia, kwa sababu nilimjua Mattie na nilikuwa nimecheka sana na panya wake.

Jumamosi mchana ndipo Bina alipokuja. Alipita mlango wa nyuma, mbwa wake miguuni, na kitu kimefichwa chini ya aproni. Philomena alisimama mlangoni kama mtu aliyekuwa anamngoja.

"Unataka nini hapa?"

"Nimemsikia kutoka barabarani, Philomena. Baba yangu alikuwa na baa, na baba yake pia. Huyu si wa kungoja. Mpe kijiko. Kijiko tu, kimtulize, halafu mtafute daktari."

"Ati nini? Umemnyonya miaka thelathini hujashiba, sasa unamfuata kitandani?"

"Nitukane utakavyo. Mpe kijiko."

"Afe kwa mkono wa Mungu kuliko apone kwa mkono wako!"

Assumpta alitoka chumbani, mikono mpaka kwenye viwiko imelowa kwa kumkanda baba yake maji. Alimtazama Bina, akatazama ile aproni. Ndani baba yake alikuwa anaita watu wafagie. Nilimwona msichana anapima, na nilijua anapima nini. Kijiko kimoja, na nadhiri imevunjika. Nadhiri imevunjika Jumamosi, Jumapili baada ya misa Hession wote wamejua. Na kubwa kuliko Hession, alikuwa amemwahidi yule mzee. Kila alipopata fahamu kidogo Fintan alimwambia, "Usiniache nionje, Assumpta. Hata nikikuomba. Hata nikilia."

"Bi Bina," akasema, "nakushukuru. Rudi nyumbani."

Bina hakubisha. Alifunga aproni vizuri. "Basi mwite daktari, mwanangu. Na akija mwambie ukweli. Mwambie ni DT."

"Mbele ya daktari mgeni?"

"Mbele ya yeyote. Mficha maradhi kifo humuumbua." Akamvuta mbwa akaondoka zake.

Daktari wetu wa siku zote alikuwa mzee aliyemjua kila mtu na kila chupa yake, lakini mwezi ule alikuwa hospitalini mwenyewe, anapasuliwa. Walimleta kijana kutoka Dublin kukaa mahali pake. Kijana mpole, mwenye viatu visivyofaa kwa matope yetu. Jumapili baada ya misa Fintan hakumtambua tena mtu yeyote, kitanda kilikuwa kinagonga ukuta kwa jinsi alivyotetemeka, na ndipo Assumpta alipokubali. Nilikwenda posta kupiga simu, na Philomena akanituma nipitie kwa padri, aje na mafuta ya wagonjwa. Niliporudi na padri, gari la daktari lilikuwa linaondoka.

"Amesemaje?" nikamuuliza Assumpta.

"Homa ya mapafu. Amemchoma penisilini. Kama haijashuka, kesho ataleta gari la wagonjwa."

"Ulimwambia?"

Alikuwa anampangusa baba yake mdomo. Hakunijibu, na padri alikuwa ameshaanza sala, kwa hiyo nikapiga magoti. Fintan alikuwa amevalishwa shati safi kwa ajili ya daktari. Kwenye shati, upande wa moyo, Philomena alikuwa amembandika ile beji ya Nonie.

Jioni alitulia kidogo. Kidole chake kilikuwa kinachora juu ya blanketi, polepole, kinashuka, kinapanda, kinashuka. Nilifuata kwa macho. Alikuwa anachonga N. Assumpta akalaza kiganja chake chini ya kidole kile, akamwachia achonge humo. "Ona," Fintan akasema, na ile ilikuwa sauti yake kabisa, sauti ya uani, "mkono umetulia."

Haukuwa umetulia. Jumatatu alfajiri alikakamaa mwili mzima, mara moja, mara ya pili, na mara ya tatu moyo ukasimama. Nilimsikia Assumpta kupitia ukuta. Nimeishi na ukuta ule miaka mingi, nimesikia mengi kupitia kwake, lakini sauti ile sikuwahi kuisikia wala sitaki kuisikia tena.

Daktari alifika na gari la wagonjwa, akakuta tumeshafunika vioo na kusimamisha saa, ndiyo desturi yetu mtu akifa. Alikaa jikoni, kofia mapajani, uso umemshuka. Bina alikuwa pale, maana kwenye msiba kwetu hakuna anayefukuzwa, na ndiye aliyekuwa anamimina chai.

"Pole, Daktari," Bina akamwambia. "Umejitahidi. Hivi ile dawa ya DT nayo haikumsaidia?"

Kijana aliinua kichwa. "DT ya nani?"

"Ya Fintan."

"Huyu alikuwa mnywaji?"

Bina aliweka birika chini. "Daktari, hapa hakuna aliyemzidi."

"Aliacha lini?"

"Jumatano."

Nilimwona yule kijana anahesabu, midomo inacheza. Akaweka kikombe mezani kwa uangalifu, kana kwamba kitavunjika. "Ningempeleka hospitali jana ileile," akasema. "Kuna dawa ya kumlaza, kuna sindano za vitamini. Si wote wanaopona, lakini wengi wanapona. Niliona kutetemeka kule, nikajiuliza. Ndiyo maana niliuliza." Akamgeukia Assumpta. Hakuwa na hasira, na nadhani ingekuwa nafuu kama angekuwa nayo. "Nilikuuliza, anakunywa? Si nilikuuliza?"

"Uliniuliza," akasema Assumpta.

"Na nikaiona beji. Hata kwetu Dublin, mtu mwenye beji ile..."

"Ilikuwa ya mama."

Philomena alianza kulia kwa sauti, anamwita Mungu shahidi kwamba alitaka mema. Hakuna aliyemkatalia. Daktari alipoondoka, Assumpta alikuja akakaa karibu yangu, akashika pindo la gauni langu kama alivyokuwa akifanya utotoni alipokuja kuokota vitambaa chini ya cherehani. Alinong'ona, macho yake yako kwenye moto.

"Aliniuliza, 'Anakunywa?' Nikamwambia, 'Hagusi hata tone, Daktari.' Na alikuwa hajagusa, Teresa. Tangu Jumatano alikuwa hajagusa. Sikusema uongo."

"Hukusema uongo, mwanangu."

"Nilijivunia. Ilikuwa mara yangu ya kwanza maishani kumjibu mtu hivyo kuhusu baba. Nilijivunia kulitamka."

Nilimshika mkono tu, na mkono wenyewe ulikuwa wa baridi.

Tulimzika Jumatano, kando ya Nonie, penye lile jiwe lisilo na jina zima, tulilolitoa uani. Mji wote ulikuja, na wa Hession pia, wamevaa vizuri, beji zao zimepangika vifuani, koti kwa koti. Bina alisimama nyuma karibu na lango, mbwa wake amelala miguuni pake kwenye nyasi zilizolowa. Walipomaliza kutupa udongo, watu wakapanga mstari kumpa Assumpta mkono. Mama yake Colm alimshika mikono yote miwili, na ninaamini alisema kwa moyo mwema kabisa, kwa sauti ya kusikika na wote.

"Jipe moyo, binti yangu. Amekufa safi. Hana hata tone tumboni. Sisi tuna fahari kuungana na mtu wa namna hiyo."

Assumpta aliinua uso akamtazama. Nilidhani atalia, na kulia kungekuwa sawa.

"Ndiyo, mama," akasema. "Ndicho kilichomuua. Baba yangu amekufa kwa DT."

Alisema kwa sauti safi kama anayesoma somo kanisani, pale mbele ya padri, mbele ya wale watu wawili waliocheka siku ya Nonie, mbele yetu sote. Na kule nyuma mbwa wa Bina, aliposikia jina lake, aliinuka. Alipita katikati ya miguu ya watu, mwembamba, anatetemeka, anatikisa mkia, akaenda moja kwa moja mpaka kwa Assumpta, akasimama mbele yake akingoja kukunwa masikio kama alivyozoea kukunwa na Fintan.

Hakuna aliyecheka. Assumpta aliinama akamkuna. Bina alikuja akamshika mbwa shingoni akaondoka naye, bila kumwita, na tangu siku ile pale baa hakuna aliyemwita tena kwa jina lolote.